Mchana wa Bremen na Bi Salma

Siku ya kwanza kazini nilipewa jalada la mgonjwa na kikombe cha kahawa. Mkuu wa kitengo akaniambia nisome kwanza, kahawa itangoja. Kitengo chetu hapa Maskati kilishughulika na wagonjwa wanaopelekwa ng'ambo kutibiwa. Mimi nilisomea Kijerumani ujanani, na nyumbani tukisema Kiswahili cha Unguja na Kiarabu, basi nikafanywa murafiki: mtu wa kufuatana na mgonjwa, kumkalimania kwa daktari, na kumtafutia hata pilipili akichoka na chakula cha hospitali.

"Usipunguze, usiongeze," mkuu aliniambia. "Daktari akisema neno zito, lifikishe na uzito wake."

Miaka ya mwanzo nilikaa ofisini kutafsiri ripoti, na karatasi haikutazami usoni. Nilipoanza kusafiri, mkuu yule alikuwa kesha kustaafu. Mkurugenzi aliyemfuata alikuwa mpole zaidi, akipenda kutukumbusha kuwa jamaa wa mgonjwa nao husikilizwa. Kati ya maneno ya wakubwa hao wawili ndimo nilimofanyia kazi, na mara nyingi niliyumba.

Ndipo nikapewa Bi Salma wa Matrah, hapa hapa Maskati. Alikuwa mshona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kazi hiyo kaianza Unguja kabla hajavunja ungo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, maradhi yanayoubana mshipa wa jicho taratibu, bila maumivu, mpaka nuru ikatoweka. La kulia lilibakiwa na kidogo. Mwanawe, Nasor, hakuweza kusafiri naye. Akanipigia simu tulipokwisha fika Bremen, Ujerumani, siku ya kuonana na daktari, akaniomba nimwambie mama yake kuwa upasuaji ni jambo dogo, kwani akisikia hatari atakataa.

Daktari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alieleza kwa kituo. Upasuaji ungeweza kuyazuia maradhi. Ungeweza pia kuiondoa hata ile nuru iliyobaki. Na pasipo upasuaji jicho lingeingia giza vilevile, ila polepole. Nilitafsiri yote isipokuwa ile sentensi ya katikati.

Bi Salma akanitazama. "Yeye kasema mengi, wewe umesema machache."

Nikamjibu kuwa Kijerumani ni lugha ndefu. Akacheka, na kicheko chake kikanitia haya.

Karatasi ya ridhaa, ile mgonjwa anayotia saini kuwa kaelewa na kakubali, ilikuwa ya asubuhi ya pili yake. Mchana tukaruhusiwa kutoka. Nikampeleka Schnoor, mtaa wa kale karibu na mto Weser, uliokuwa wa wavuvi na mabaharia. Jina lake limetokana na kamba, kwa kuwa vijumba vyake vimepangana kama shanga zilizotungwa. Vichochoro vyake vyembamba, na saa ile vilikuwa kimya. Bi Salma alivaa sweta langu juu ya abaya, kanishika mkono. Alisema mtu angedhani yuko Unguja, ila hapa hakuna aliyekaa barazani wala harufu ya chochote kinachokaangwa.

Kila dirisha lenye pazia la kufuma alisimama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Moja akaliangalia sana. Akasema hilo si la mashine, na aliyelifuma alikuwa na haraka upande wa chini, labda alikuwa na wageni.

Tulipofika mtoni tukakaa kwenye benchi. Maji ya Weser yalikuwa ya rangi ya chai, yakienda bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "daktari kasema nini?"

Nikamwambia lote. Nikamwambia na simu ya Nasor.

Aliiweka mikono mapajani. Kisha akainuka. "Basi tusirudi hospitali kwanza. Twende tena kule, tuanze mwanzo."

Tukaupita mtaa wote mara ya pili, safari hii yeye mbele, mimi hatua moja nyuma yake. Asubuhi alitia saini mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, bila kuharakishwa na mtu.

Nasor alikasirika, akanishitaki. Niliporudi, mkurugenzi akaniuliza kwa nini sikuyaheshimu matakwa ya jamaa. Nikamjibu kuwa jicho lilikuwa la Bi Salma. Aliniondoa safarini, akanipeleka chumba cha majalada, nikakaa huko karibu mwaka mzima. Kisha akaniita, akafunga mlango. Mama yake mwenyewe alikuwa anapelekwa Ujerumani, na alitaka mimi nifuatane naye.

"Umwambie kila kitu," akasema, macho yake mezani.

Upasuaji wa Bi Salma ulishika. Alishona kofia miaka miwili zaidi, kisha giza likaja lilivyotaka. Mimi sasa nimestaafu. Kila Alkhamisi nnatoka kwangu Mawaleh nnakwenda Matrah kumtazama, na Nasor ndiye anayenifungulia mlango na kunimiminia kahawa.

Wiki iliyopita tulikuwa tukiizungumza Bremen. Bi Salma akaniuliza kama nnamkumbuka yule mwanamme wa dirisha la chini, tulipopita mara ya pili, aliyekuwa akinyoa ndevu, nusu ya uso imejaa povu, akatuinamia kwa heshima kama tumeingia sebuleni kwake. Nikasema sikumwona mtu kama huyo.

"Ungemwonaje?" akasema. "Ulikuwa ukilia."