Siti ya Nyumba ya Bibi

Juzi nilikuwa Tunduma natafuta kosta ya kukodi. Dereva niliyempata upande wa Chapwa alikuwa anafuta kioo kwa gazeti, akaniuliza bila kugeuka, "Dada, ni harusi au msiba?" Nikamwambia msiba. Akazima redio hapo hapo, akanipa pole, akafungua mlango nikague siti. Nikamweleza kwamba tunatoka Itaka, tunampeleka bibi kuzikwa Chitete alikozaliwa. Yeye angetangulia kwenye pikapu, ndani ya jeneza, na sisi tungemfuata. Nikapanda, nikakaa siti ya dirishani nyuma ya dereva ili nijaribu, kisha nikainuka haraka mpaka dereva akashtuka.

"Imechanika?" akauliza.

Nikamwambia haijachanika, siti ni nzuri. Ningemwambia nini? Kwamba nikiwa na miaka tisa niliiba siti kama ile, pale pale nyuma ya dereva, na niliyemwibia ndiye huyu tunayekwenda kumzika? Wewe nitakusimulia. Usinihurumie tu.

Siku zile pale kwetu Itaka kukodi gari halikuwa jambo la simu mbili. Kanisa lilijadili miezi. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba Chitete, na akina mama wakaamua kwamba safari hii hawapandi lori la mahindi, wanakwenda na kosta, na dereva wake, kama watu. Kila nyumba iliyotoa debe la mahindi ilipata siti moja. Bibi alitoa debe lake siku ya kwanza kabisa, limejaa hadi linamwagika, akalibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa katibu wa akina mama. Hakuwa mwanakwaya, sauti yake ilikuwa mbaya na yeye alijua. Alitaka siti kwa sababu Chitete alikuwa na mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki katika tumbo la mama yao. Walikuwa hawajaonana tangu kabla sijazaliwa. Mdogo mtu macho yalikuwa yanamwisha, hawezi kusafiri, na bibi kila mwaka alikuwa akisema, "Mimi nitafika tu." Alisema akipalilia kahawa, alisema akichambua maharage, alisema akinisugua miguu kwa gunzi nikiwa nalia. Nitafika tu. Lile neno lilinichosha.

Usidhani bibi yangu alikuwa mtu wa kubembeleza. Mama yangu alikuwa huku Tunduma akivusha bidhaa kwenda Zambia, akaniacha kwa bibi, na bibi hakuwa na uji wa sukari wala hadithi. Alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa juu ya mlango. Lakini harufu ya kahawa aliyokuwa akiikaanga kwenye kigae mpaka moshi unaziba chumba, nikiisikia popote leo, nasimama.

Kosta ilifika asubuhi, nyeupe, ina pazia za buluu zenye vishada. Watoto tuliizunguka tukijitazama kwenye ubavu wake. Dereva alivaa miwani myeusi, na akina mama wakampokea kama mkwe. Alinawishwa mikono, akapewa chai ya maziwa na viazi, na firigisi ya kuku ambayo nyumbani kwetu hata mjomba alikuwa haipati kila mara. Alikula taratibu. Alipomaliza akasema neno moja: "Akina mama, honi ya tatu naondoka." Watu wakacheka, wakadhani ni utani.

Sasa, kulikuwa na utaratibu mmoja, na kosa lote lilipitia humo. Katibu hakuandika majina ya watu. Aliandika nyumba. Aliona ni heshima, na pia ilimwepusha na ugomvi, maana ndani ya nyumba nani anasafiri ni shauri lao wenyewe. Kwa hiyo alisimama mlangoni mwa gari na daftari lake, akawa anaita: nyumba ya mwalimu, nyumba ya fundi cherehani, nyumba ya mama pacha. Aliyeitikia "nipo" alipanda.

Bibi alikuwa amevaa tangu alfajiri. Alikaa kwenye kigoda kando ya barabara, kitenge kipya, viatu vya raba alivyovipaka majivu vikang'aa. Honi ya pili ilipolia akajipiga paji la uso. Alikuwa amesahau blanketi. Alimnunulia mdogo wake blanketi jekundu, likawa limebaki kitandani. Akanishika bega akanisogeza mpaka mlangoni mwa kosta. "Iwe, we mtoto, kaa hapa. Wakiita nyumba yetu, sema anakuja. Umesikia? Anakuja." Akaondoka, nusu anatembea nusu anakimbia.

Katibu akaita nyumba ya bibi. Ndani niliona pazia za buluu. Niliona binti wa mwalimu, yule aliyekuwa ananicheka kwamba sijawahi kupanda gari lenye vioo, ameshakaa.

"Nipo," nikasema.

Katibu akanitazama juu ya daftari. "Bibi yako je?"

"Miguu inamuuma. Amesema niende mimi."

Sikutetemeka. Watu husema mtoto hajui alitendalo, na mimi nakwambia nilijua. Nilimjua bibi, nilijua debe lile lilikuwa zito kiasi gani, na bado nikapanda, nikakaa dirishani nyuma ya dereva, nikashika pazia kwa vidole viwili kuona kitambaa chake kilivyo laini. Honi ya tatu ikalia, gari likaondoka.

Ndipo bibi alipotokea kwenye kona ya nyumba, blanketi jekundu begani, mkono juu. Alikuwa anapunga kwa nguvu zake zote, kinywa wazi. Ngoma ya kwaya ilikuwa imeshaanza kupigwa ndani ya gari, hakuna aliyesikia kitu. Mama pacha akamwona, akaangua kicheko cha furaha. "Mtazameni bibi anavyotuaga!" Gari zima likageuka upande ule, likampungia. Mikono yote dirishani, watu wanaimba, wanampenda kweli. Bibi akazidi kupunga, nao wakazidi. Mimi pia nilipunga, kwa sababu nisingepunga wangejiuliza. Aliliona hilo. Alinitazama mimi hasa, kisha vumbi likatuficha.

Chitete nilikula wali na nyama, na sitasema havikuwa vitamu. Baada ya kwaya kuimba, katibu akanishika mkono akanipeleka kwenye mkeka uliotandikwa pembeni mwa uwanja wa kanisa. Palikuwa na mwanamke mwenye uso wa bibi, ule ule, ila macho yana ukungu. Mkwe wake, mwanamke kijana aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, akasema yuko pale tangu jua halijatoka, kaoga, kavaa, kila gari likinguruma anauliza kama ni la Itaka. Mdogo wake bibi akanipapasa uso, pua, masikio. Akatabasamu.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Miguu inamuuma."

"Miguu?" Tabasamu likasimama. "Si waliniambia gari linaanzia kwenu, mlangoni kwake? Anakanyaga wapi?"

Katibu alikuwa amesimama pale anasikiliza. Ningesema kweli ningechapwa mbele ya kwaya nzima na binti wa mwalimu akiona. Nikatafuta jibu lolote la kumaliza maswali, nikasema, "Hakutaka kuja."

Akatoa mkono usoni mwangu. Akaukunja mapajani na mwenzake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mwambie na mimi sikumngojea." Akamwomba mkwe wake amrudishe ndani.

Tuliporudi Itaka jioni jua lilikuwa bado lipo. Bibi alikuwa kwenye kigoda kile kile kando ya barabara, blanketi limekunjwa mapajani. Nilishuka nikiwa tayari kwa fimbo. Hakuwa nayo. "Umemwona?" Nikaitika. "Amesemaje?"

Rafiki yangu, nikatazama lile blanketi, nikasema, "Amesema anakungoja."

Bibi akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka vile, meno yote ya mbele. Alinichapa baadaye, ndani ya nyumba, akanichapa vizuri, lakini hata katikati ya fimbo aliuliza tena, "Amesema ananingoja?" nami nikaitika nikilia kwamba ndiyo. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, habari ikafika kwamba mdogo wake amefariki na wameshamzika. Blanketi likaingia sandukuni. Bibi hakulia sana. Alisema, "Anajua nitafika."

Miaka yote iliyofuata aliishi kwa uongo ule. Nikienda likizo aliniuliza, nikiwa nimeolewa aliniuliza, hata mwaka huu amelala hawezi kugeuka aliniuliza, nami nilimpa neno lile lile kama nilivyokuwa nikimpa dawa. Wiki za mwisho akaagiza azikwe Chitete, kaburi liguse kaburi la mdogo wake, kwa kuwa anangojwa. Wajomba walilalamika. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tutampeleka, gari nitatafuta mimi.

Basi tukampeleka. Siku hizi hakuna kuita nyumba. Binamu alisoma majina kwenye simu, kila mtu na namba yake ya siti, tukapanda kimya na kila mmoja akainamia kioo cha simu yake. Hakuna aliyemkaribisha dereva chai, alikunywa soda yake kwenye usukani. Itaka yenyewe ile barabara ilikuwa tupu, hata mtoto wa kuja kujitazama kwenye ubavu wa kosta hakuwepo. Nilikaa siti ya katikati, mbali na dirisha.

Tulimshusha bibi na blanketi lake jekundu, ubavu kwa ubavu na mdogo wake. Watu walipoanza kutawanyika, yule mkwe wa mdogo wake, aliyekuwa na mtoto mgongoni siku ile, akanijia. Amekuwa bibi sasa, anatembelea fimbo. Alinitambua. "Mama yangu hakumtaja tena dada yake mpaka anakata roho," akasema. "Hata tulipomuuliza kama tumtumie habari, alikataa. Alikufa na donge. Na huyu naye kaomba alale hapa ubavuni kwake. Ni nini kilitokea siku ile, mwanangu? Wewe ndiye uliyekuja."

Nikamwambia ngoja niwapeleke watu kwenye gari, halafu nitakuja tuzungumze.

Nikapanda. Dereva akawasha. Tulipoanza kuondoka nikamwona yule mkwe dirishani akija na fimbo yake, anaharakisha, mkono juu, kinywa wazi. Mjomba aliyekaa mbele akageuka akicheka, msiba umeshamtoka. "Mtazameni bibi anavyotuaga!" Wote wakampungia.

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Dada, nisimame?"

Nikamwambia aendelee.