Nilisema Saa Saba

Asubuhi ile mke wangu alinimwagia chai mezani na hakuifuta. Nilimuuliza kama hajaiona. Hakujibu. Jana yake tuligombana kwa sababu nilimwalika ndugu yangu aje kukaa kwetu Ruiru bila kumwambia, kwa hiyo nikajua amenuna. Kisha nikaona mdomo umeenda upande.

"Endelea tu kunibibidulia mdomo," nikamwambia. "Ndugu yangu atakuja."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Nikafunga mlango kwa kishindo, nikaenda kazini Thika, kwenye kiwanda cha nguo.

Saa saba jirani alipiga simu kwenye geti la kiwanda, nikaitwa. "Jirani, njoo! Mkeo hasemi, na mkono wa kulia umekufa." Alishampakia kwenye pikapu yake. Tulikutana hospitalini Nairobi.

Daktari alikuwa kijana, amerudi juzi kutoka masomoni ng'ambo. Aliuliza swali moja: "Mzee, mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?"

Niliona aibu. "Imeanza saa saba," nikasema. "Asubuhi nilimwacha mzima kabisa."

Mke wangu alikuwa pale kitandani, akinitazama. Kwa mkono wake mzima akashika shati langu, akalivuta.

"Basi tuna bahati," daktari akasema. "Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Lakini kwanza nione."

Wakamdunga mshipani dawa nyingine, ya kuonyesha damu kwenye picha, kisha mashine ikapiga picha ya kichwa mahali pale pale, tena na tena, ikiifuata damu inavyoingia na kutoka. Daktari akaniita kwenye skrini.

"Hapa damu inapita polepole, lakini pangali hai. Hapa katikati haifiki kabisa. Pamekufa. Na ni pakubwa mno kwa ugonjwa wa saa moja." Akanigeukia. "Nikimpa ile dawa na ubongo umeshakufa hivi, anaweza kuvuja damu kichwani afe. Mzee, nakuuliza tena. Saa ngapi?"

Nikamwambia yote, mpaka ile chai.

Hakunigombeza. Ingekuwa heri. Nilimuuliza kama ningemleta asubuhi ingekuwaje. Akaweka kidole pale katikati. "Huenda sehemu kubwa ya hapa tungeiokoa," akasema, akazima skrini.

Jioni watoto wetu walifika. Mkubwa akauliza, "Baba, ilianza saa ngapi?"

"Saa saba," nikasema.

Mke wangu alinitazama kidogo, kisha akageuza uso ukutani.

Aliishi miaka mingine minane bila neno. Kila mgeni aliyeuliza, nilimjibu saa saba, naye akiwa pale pale kwenye kiti chake, anasikia. Ndugu yangu hakuja hata siku moja.

Watoto wangu, ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nilimwona.