Pembe Moja Mbele, Moja Nyuma

Anyang akikunyoa, usimtajie mchezo wa vita vya mezani kama una haraka. Ataiacha mashine ikinguruma hewani, nusu ya kichwa chako iking'aa na nusu bado kichaka, akusimulie jinsi viumbe wa sayari za mbali walivyoharibiwa na watu wa kiwandani wasio na macho.

"Ona huyu," atasema, akikusogezea simu. Kwenye kioo kuna picha ya kisanamu cha siku hizi, kile cha plastiki: meno, miiba, kucha, na mkia ambao nao una meno. "Huyu ni nini? Huyu ni meno imepata miguu. Wa zamani alikuwa na uso. Ukimwangalia unajua anafikiria kitu."

"Anyang, maliza kichwa kwanza," mteja atasema.

"Namaliza. Lakini si unaona?"

Kibanda chake kiko Kakuma Moja, ndani ya kambi ya wakimbizi, mbele mabati, nyuma matofali ya udongo. Jumapili watu wakitoka kanisani, kiti cha kunyolea kinasukumwa pembeni na mlango mzee unalazwa juu ya mapipa mawili. Hapo ndipo dunia nyingine inapoanza. Vichuguu vya boksi vinapangwa, mchanga wa laga, ule mto mkavu, unamwagwa kuwa jangwa, kisha kila mchezaji anatoa jeshi lake kutoka kwenye boksi la viatu. Mchezo wenyewe si mgumu kuelewa. Unasogeza watu wako kwa kupima na rula, unarusha dadu kuona nani amelengwa, na aliyekufa analazwa chali. Mabishano ndiyo yanayochukua muda. Rula imeegemea wapi, kichuguu kinaficha kichwa au hakifichi, dadu iliyoanguka chini ya pipa inahesabiwa au hapana.

Mpinzani wake mkubwa ni Elyse, mama wa Kikongo anayeuza chai na mandazi kibanda cha pili. Jeshi la Elyse ni lile la meno, jipya kabisa, na yeye hulipaka rangi za kucha mpaka linawaka.

"Kaka Anyang, jeshi yako imezeeka. Hata meno ya kuuma hawana."

"Wako wana meno, lakini adabu hawana."

"Adabu inashinda vita?"

Hapo Anyang huirudia rula yake, maana Elyse humshinda mara nyingi.

Jeshi la Anyang huitwa Wapembe, na jina hilo lina historia yake. Anyang alilelewa na mjomba wake Mayen, kaka wa mama yake, mtu wa upande wa Bor, Sudan Kusini, aliyefika Kakuma bila hata mkia wa ng'ombe. Miaka ile anga ya Lokichoggio ilikuwa haipumziki kwa ndege za misaada, na Mayen alikuwa akipata kibarua cha kupakia magunia. Siku moja fundi wa ndege aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mkebe wa biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na watu wadogo wa madini ya risasi, wazito mkononi, wa rangi ya kijani iliyobanduka, na chini yao kijitabu cha sheria za mchezo kilichochanika jalada na picha. Mayen aliukalia mkebe ule juu ya lori la unga mpaka Kakuma, akampa mpwa wake.

Basi hivi ndivyo Anyang anavyowakumbuka: mikono minne, tumbo la kibuyu, uso wa mtu aliyeulizwa swali gumu, na pembe mbili kichwani. Ya kushoto imeinama mbele juu ya paji la uso, ya kulia imelala nyuma mpaka shingoni. Watoto wa mtaa walipowaona hawakuuliza jina. Waliwaita Wapembe, wakaenda lagani kuchukua udongo na kufinyanga wengine, kama walivyozoea kufinyanga mafahali, na kila aliyefinyangwa alipata pembe moja mbele na moja nyuma. Hawa wa udongo ndio walioongezeka wakawa jeshi. Wale wa risasi walipungua kidogo kidogo: mafuriko yakachukua, lori likakanyaga, na mbuzi wa jirani akashukiwa kummeza mmoja ingawa hakuna aliyepata ushahidi. Akabaki mmoja tu mzima. Anyang humweka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, amefungwa pamba.

Tatizo la udongo ni pembe. Kila mchezo zinavunjika, kila Jumamosi Anyang anafinyanga upya, na mkono wake hautulii tena kama zamani. Kwa hiyo Aukot alipopiga simu kutoka Lodwar, Anyang alitoka nje ya kibanda ili asikie vizuri.

Aukot ndiye anayeongoza wachezaji wa Lodwar. Alikuwa na habari. Karakana moja pale mjini, yenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, ilikuwa inafungwa, na fundi wake, dada anayeitwa Nabei, alikuwa na plastiki iliyobaki ya kutosha jeshi moja. Baada ya hapo mashine inafungashwa na kwenda zake. Lodwar walishachapiwa jeshi la meno, sasa ilikuwa zamu ya Kakuma.

"Lete yule mzee wako wa risasi," Aukot alisema. "Nabei atampiga picha pande zote, kompyuta imjue, mashine imtoe. Lakini sikia. Awe wa asili kabisa, kama alivyotoka kiwandani. Desemba tunaenda mashindano Eldoret, na waamuzi wa kule wanalinganisha na kitabu. Wa zamani wanakubaliwa, wa kubuni hapana."

"Aukot, wewe unaniambia mimi mambo ya asili? Mimi?"

"Nakuambia tu."

Anyang aliomba kibali cha kutoka kambini, akapewa siku chache, akafunga kibanda. Elyse alimpa mandazi ya njiani na neno la kumsindikiza: "Urudi na jeshi ya kunishinda basi, nimechoka kushinda mtu mzima bure."

Karakana ya Lodwar ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyokuwa inasukuma joto kutoka ukuta huu hadi ule. Nabei alikuwa amekwisha funga nusu ya vitu kwenye maboksi.

"Ejok," alimsalimia kwa Kiturukana.

"Ejok noi," Anyang alijibu, akafungua kopo.

Nabei alimchukua yule mdogo wa risasi kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga. Aukot aliinama karibu. Kwa muda Anyang alijisikia kama mzazi aliyempeleka mtoto kliniki.

"Mzuri," Nabei alisema. "Ana uso kweli. Ngoja nitafute picha zake, zinisaidie pale rangi imekula."

Akaandika kwenye kompyuta. Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kukusanya visanamu vya zamani na kuvipiga picha, na haikuchukua muda kumpata. Alikuwa yeye. Mikono minne, tumbo la kibuyu, ule uso wa kuulizwa swali. Ila kichwani hakuwa na pembe. Alikuwa na vijiti viwili vyembamba vilivyosimama wima, sambamba, kila kimoja na kitone kwenye ncha.

Feni ikageuka, ikarudi.

"Hizo ni vipapasio," Nabei alisema mwishowe. "Kama vya mende."

"Mende?" Anyang aliuliza.

"Wako amepindika, kaka. Pengine alikaliwa. Na vitone vimekatika. Si shida, naweza kumnyoosha kwenye kompyuta. Kidogo tu."

Aukot alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Miaka yote hii! Anyang! 'Wamewaharibu, wamewabadilisha!' Na wewe umekaa na mende aliyevunjika shingo!"

Anyang alitafuta picha nyingine. Akatafuta nyingine tena. Wote walikuwa na vijiti wima. Alikaa juu ya boksi lililofungwa, akatoa simu yake, akampigia Mayen.

Mayen alisharudi Bor. Sasa ana ng'ombe tena, na ukimpigia husikii vizuri kwa sababu yao.

"Mjomba, wale watu wa risasi. Wa mkebe wa biskuti."

"Nawakumbuka. Wamepona?"

"Mmoja. Mjomba, pembe zao zilikuwa vipi ulipopewa?"

"Pembe gani? Hawakuwa na pembe. Walikuwa na waya kama ya redio." Ng'ombe akalia karibu na simu, Mayen akamfokea kwa Kidinka, kisha akarudi. "Mimi nikaangalia nikasema, hawa ni wanyama wa nani, hawana mtu wa kuwapinda pembe? Usiku pale Loki nikapasha kisu moto, nikalainisha, nikazipinda moja moja. Moja mbele, moja nyuma. Kama za fahali wangu."

"Yule uliyemwacha ulipokimbia."

"Huyo. Sasa nikupe wewe kitu chenye kichwa cha redio ucheze nacho? Utajifunza nini?"

"Hukuniambia, mjomba."

"Hukuuliza. Mke wangu anakusalimia. Umeoa?"

"Bado."

"Basi hilo ndilo la kunipigia simu," Mayen alisema, na laini ikakatika.

Anyang alibaki ameishika simu. Nabei na Aukot walikuwa wamesikia, maana Mayen huongea kana kwamba simu ni mto na wewe uko ng'ambo.

Aukot alikuwa ameacha kucheka. Alimchukua yule wa risasi mezani na kumtazama upya, kwa jicho lile ambalo Mturukana humtazamia mnyama sokoni. "Kumbe hakukaliwa," alisema. "Hii ni kazi ya mtu. Baba yangu alipinda pembe za dume lake hivi hivi, kwa jiwe na kamba. Lakini ya kwetu zinakutana juu. Hii ya mjomba wako ni ovyo, kila moja na njia yake."

"Ovyo ni ya kwenu. Fahali anazibwa macho na pembe zake mwenyewe."

"Anafunga wapi? Zinakutana juu, juu!"

"Jamani," Nabei alisema. "Stima ikipotea hapa hairudi leo. Mnataka nichape yupi?"

Anyang aliangalia picha kwenye kompyuta. Ni kweli, huyo ndiye aliyekuwa wa asili. Huyo ndiye aliyetoka kiwandani, aliye kitabuni, ambaye waamuzi wa Eldoret wangempokea bila neno. Miaka yote, kila kichwa kilichopita chini ya mashine yake, alikuwa akikihubiria kwamba kitu cha zamani kisiguswe. Kama hayo maneno yalikuwa ya kweli, jibu lilikuwa pale kwenye kioo, na vitone vyake viwili. Kama hayakuwa ya kweli, basi Elyse alikuwa na haki ya kuwa na meno yake na mtu yeyote wa kiwandani alikuwa na haki ya kuongeza mkia.

Aliwaza na Desemba pia. Alitamani kwenda Eldoret. Alikuwa hajawahi kucheza na watu asiowajua.

"Ukichapa wa picha," alimuuliza Nabei, "plastiki itabaki ya huyu?"

"Haitabaki. Jeshi moja, nilisema."

"Na ukichapa huyu, Aukot, Eldoret hakuna."

"Kwa hawa, hakuna. Utakuja kutupigia makofi. Na hata Lodwar hapa, vijana watabisha."

"Wewe utabisha?"

Aukot alijikuna shingo. "Mimi nitacheza na wewe. Lakini nitabisha kidogo."

Anyang alimchukua yule mdogo, akaweka kidole kwenye pembe ya mbele. Ilikuwa na alama ndogo bapa, pale kisu cha moto kilipobonyeza. Alikuwa ameipapasa tangu utotoni akidhani ni mchoro wa kiwanda.

"Yule wa picha simjui," alisema. "Sijawahi kucheza naye hata siku moja. Chapa huyu."

"Nisinyooshe?"

"Usinyooshe. Hata hiyo alama bapa, iache."

Nabei alimpiga picha pande zote, akahangaika na kompyuta, akawasha mashine. Sasa, mashine ile huchapa kuanzia chini. Kwanza zilitoka nyayo, kitu kisichoeleweka, kama ute wa konokono uliokauka. Kisha miguu. Aukot akaenda kutafuta soda akarudi, na ilikuwa bado imefika magotini. Tumbo la kibuyu lilichukua saa nzima. Mara mbili taa zilififia na wote watatu wakaigeukia mashine, zikawaka tena.

"Bado unaweza kubadilisha," Aukot alisema mikono minne ilipokamilika. "Mpaka shingoni wote ni sawa."

"Nyamaza."

"Au nusu ya jeshi nichapiwe kwa mtindo wa kwetu. Zikutane juu. Tuwe na koo mbili."

"Ukitaka fahali wa kwenu, mtafute mjomba wako akupindie."

Nabei akacheka mpaka akafuta macho.

Uso ukatoka, ule wa mtu aliyeulizwa swali. Halafu ncha ya mashine inayomwaga plastiki ikapanda kichwani ikaanza kwenda na kurudi, nyembamba kabisa, upande wa kushoto ikisogea mbele kidogo kila safari, upande wa kulia ikirudi nyuma. Anyang alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia kugusa kioo cha mashine. Ilipokwisha, Nabei alimbandua, akampulizia joto litoke, akamweka kiganjani mwa Anyang.

Alikuwa mwepesi kuliko wa risasi, mweupe, bila rangi. Anyang aliipapasa pembe ya mbele akaikuta ile alama bapa.

"Vipi?" Nabei aliuliza.

"Ndiye," Anyang alisema. "Chapa wa pili."