Majamvi ya Bi Zuwena Katika Daftari la Mafundi

"Mwanangu, mimi hapa fundi au mzigo?" Bi Zuwena, msusi wa majamvi, aliniuliza hivyo nje ya mlango siku yangu ya kwanza kazini, shahada yangu ingali mkobani.

Ilikuwa mjini Ibra, ng'ambo ya bahari kutoka Unguja, mwishoni mwa miaka ya sabini, tukitengeneza ngome kongwe. Mkuu wa Kazi aliniuliza nimesomea nini. Nikamwambia historia ya kale. Hata vibao vya udongo vya Wasumeri nimevipitia, ambamo makarani waliandika fundi gani yupo, nani mgonjwa, nani hakuja.

"Basi umefika kwenu," akasema, akanikabidhi daftari la mahudhurio.

Daftari lile lilihesabu siku za kila fundi aliyepita mlangoni: waashi, maseremala, wapiga chokaa. Majamvi ya kutandika juu ya magogo ya mtende, chini ya udongo wa dari, yaliandikwa ukurasa wa vifaa, pamoja na mawe. Bi Zuwena, aliyejifunza ususi Unguja, ndiye aliyeyasuka, nyumbani kwake. Na cheti cha ufundi kilikuwa cha waliomo daftarini tu. Bila cheti asingepokewa kufundisha kituo cha kina mama, kazi aliyoitamani.

"Hajapita mlangoni," alisema Mkuu nilipomwomba tumwandike.

"Kwa nini tuhesabu miguu, tusihesabu mikono?" nikamuuliza.

"Haya, Bi Kwanini keshaanza! Kilichopita ni majamvi. Yape majamvi cheti."

Nikaenda kwa Bi Zuwena. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniandika au kunichelewesha?"

Nilikaa naye mpaka jamvi likaisha: kuchana na kuloweka majani ya mtende, kusuka ukili, yaani ule ukanda mrefu, kisha kushona ukili kwa ukili. Siku sita. Nikageuza majamvi yote kuwa siku, nikaliandika jina lake chini ya waashi.

Mkuu alisoma mara mbili. "Hesabu hii umeitoa kitabu gani?"

"Sikuitoa kitabuni. Nimekaa naye."

"Mbona kampita seremala wangu!" Akatia sahihi.

Bi Zuwena alifundisha mpaka macho yalipomchoka. Mimi nilihamishiwa Nizwa, kisha Sur, na kila kituo nilifungua ukurasa wa wanaofanyia kazi nyumbani. Nilijivunia hesabu ile kuwa yangu mwenyewe.

Nilipostaafu nikavirudia vile vibao, safari hii kwa utulivu. Wasusi wa majamvi ya matete wamo, na makarani wale, yapata miaka elfu nne nyuma, walikuwa wakiyageuza majamvi kuwa siku za kazi.