Siku Niliyompokonya Mama Naserian Watoto Wake

Naona aibu hata kuandika haya, lakini hasira imeizidi aibu, kwa hivyo wacha niseme.

Nilikuwa nachapa kwa Baba Shiro, mwenye duka la kompyuta hapa Kitengela. Mzee mmoja wa Bisil, mume wa wake wawili, alituletea kazi ya kijitabu cha sherehe yake ya kumshukuru Mungu, akataka nyumba zake zikae sambamba: kushoto Mama Naserian na watoto wake, kulia mke mdogo na watoto wake pia. Nikachapa, na ili majina yalingane nikabonyeza spesi, nikabonyeza mpaka kidole kikauma (ndivyo Baba Shiro alivyonifundisha, eti mambo ya jedwali ni ya wasomi). Kwangu yalinyooka vizuri. Kisha Baba Shiro akayahamishia kwenye kompyuta yake ya kupangia kurasa, na huko herufi zikabadilika, mistari ikakatika, majina yakateleza hadi upande wa pili.

"Baba Shiro, ni kama majina yamesonga..."

"Wewe ulisomea wapi? Chapisha, mzee anangoja!"

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya sherehe nikapeleka vijitabu Bisil, na emsii akasoma kwa spika: "Nyumba ya mke mdogo! Kifungua mimba, Naserian!"

Naserian, mama wa watu wazima, akasimama. "Nimezaliwa na huyu? Si mimi nilimwimbia akiolewa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake hakucheka. Baba Shiro, aliyekuja kula nyama tu, akaninyooshea kidole. "Ni huyu kijana. Aliishia darasa la nane, mtafanya nini?"

Mama Naserian akaniita mbele. "Shika hiyo maiki. Nitataja jina na wewe unalitaja, mpaka watoto wangu wote warudi kwangu."

Mimi, ambaye hata kuitikia "sopa", salamu ya Kimaasai, hunitoa jasho, nikarudia jina baada ya jina, huku Baba Shiro akitafuna ubavu wa mbuzi bila wasiwasi. Jina la mwisho likaisha, na maiki bado ninayo.

"Na aliyewahamisha ni Baba Shiro," nikasema. "Nilimwambia. Akasema chapisha."

Ubavu ukasimama hewani.

Kazi yangu iliisha hapo hapo. Sawa. Sitapanga tena watoto wa watu kwa spesi, na nikiona jina limehama sitanyamaza, hata anayenifokea awe ndiye mwenye duka.