Mbeba Machela Aliyekimbia Kabla ya Filimbi

Saa tisa alasiri, jua bado lina makali, na wanaume wanne wamepiga goti moja kando ya mstari mweupe wa uwanja wa taifa. Mbele yao kuna machela mbili zilizolazwa kwenye nyasi, mikanda imefunguliwa. Viti vyote ni vitupu. Spika zinajaribiwa na mtu asiyeonekana, anayerudia "moja, mbili, moja, mbili" mpaka kichwa kinauma.

Kesho saa kama hii viti hivi vitakuwa vimejaa pomoni. Timu ya taifa inacheza mechi yake ya mwisho ya kufuzu fainali, na hesabu yake ni nyepesi kuisema, nzito kuitenda: wenyeji wakishinda wanakwenda, wakitoka sare watabaki nyumbani kuwatazama wenzao kwenye televisheni. Wageni sare inawatosha.

Mwanamume wa tatu katika ile safu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na mvi za pembeni, hawazi goli. Anaiwaza miguu yake mwenyewe. Kesho inatakiwa itulie, na hana hakika kama itamtii.

Mjini wanamwita Kiatu Kimoja. Jina hilo hakulichagua, na alipopewa hakuna aliyemuuliza.

Siku za kawaida yeye ni mhudumu wa hospitali. Kazi yake ni kusukuma vitanda: kutoka mapokezi hadi wodini, kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, na mara nyingine kwenda kule ambako mgonjwa harudi. Ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku za mechi huazimwa uwanjani kubeba machela, kwa posho isiyozidi mshahara wake wa siku mbili.

"Watu wanadhani tunaingia bure kutazama mpira," anasema, akicheka bila furaha. "Mimi mpira siuoni. Naangalia watu. Nani kachechemea, nani kashika paja, nani kachelewa kuinuka. Mtu akiniuliza matokeo nikitoka, mara nyingi namwambia asubiri taarifa ya habari."

Miaka miwili iliyopita, kwenye uwanja huu huu, timu hizi hizi mbili zilikutana katika mechi ya mwisho ya kufuzu. Hali ilikuwa ile ile ya kesho: lazima ushindi. Dakika zilikuwa zinayoyoma, matokeo ni sare, na wageni wakapata kona.

Winga wao wa kushoto aliruka pamoja na beki wa wenyeji, vichwa vikagongana, na winga akaanguka chini vibaya. Mpira ukatemwa nje ya boksi, wenyeji wakaunasa, wakaondoka nao mbio kuelekea lango la pili. Refa akageuka kuufuata. Uwanja mzima ukageuka pia.

Aliyebaki akimtazama winga ni mtu mmoja tu.

"Mikono yake ilinyooka mbele, imekakamaa, kama mtu anayesukuma ukuta," anasimulia. "Hospitali nimeiona mikono ya namna ile. Nikaangalia kifua, hakipandi. Basi."

Basi ndiyo hiyo. Sheria ya wabeba machela inajulikana hata na watoto: huingii mpaka refa akuite kwa mkono. Yeye aliinuka bila kuitwa, akaibeba machela kwa mbele, na mwenzake wa nyuma, jamaa mrefu anayeitwa Twiga, akajikuta anakokotwa.

"Mimi nilikuwa natazama goli letu linakuja," anasema Twiga, ambaye kesho pia atakuwepo. "Nikashangaa mikono inavutwa. Ningeachia machela ningeanguka kifudifudi mbele ya taifa. Nikaona bora nikimbie, mengine tutajua mbele."

Katika kukurupuka, kiatu cha kulia cha yule wa mbele kilichomoka na kubaki juu ya mstari mweupe.

Mshika kibendera aliona watu wawili ndani ya uwanja, akapunga kibendera chake kama kichaa. Refa akapuliza filimbi. Wakati filimbi inalia, mshambuliaji wa wenyeji alikuwa ameshampita kipa na ameshaupiga mpira. Ukavuka mstari taratibu, nyavu zikatikisika, watu wakarukiana vifuani. Kisha wakamwona refa anatikisa kidole.

Goli lilikataliwa. Mechi ikaisha sare. Fainali zikachezwa bila wao.

Winga yeye alilazwa ubavu, akafunguliwa njia ya hewa, akakohoa. Siku ya tatu akapanda ndege kurudi kwao.

Asubuhi iliyofuata magazeti hayakuweka picha ya winga wala ya refa. Yaliweka picha ya kiatu cheusi cha kazini, peke yake juu ya chokaa.

Lawama zilivyokuja, hazikubisha hodi. Wagonjwa wengine walikataa kusukumwa naye. Kinyozi wake alimnyoa upande mmoja, akaweka mashine chini kumuuliza kwanza kwa nini alifanya vile. Leo linamchekesha, lakini siku ile alitoka kwa kinyozi akiwa na kofia, na alipofika nyumbani alilia. Anasema hivyo wazi, bila kutafuta maneno ya kuipamba.

"Ningekuwa na hakika kwamba bila mimi angekufa, ningelala usingizi," anasema. "Nilimuuliza daktari wao siku ile ile. Akaniambia huenda angezinduka mwenyewe, huenda asingezinduka, hakuna anayeweza kusema. Sasa hilo ndilo ninalolala nalo."

Tangu hapo hakukanyaga tena kando ya mstari. Aliwekwa nyuma ya majukwaa, kwenye chumba cha huduma ya kwanza, kuwapepea waliozidiwa na joto. Angebaki huko huko kama mwenzao mmoja asingeumia kiuno wiki iliyopita akimnyanyua mgonjwa. Nafasi ikabaki wazi, na Twiga akalitaja jina ambalo wengine walikuwa wanalikwepa.

Mwenye uamuzi ni daktari wa uwanja, mama wa maneno machache anayesimamia huduma zote za siku ya mechi. Hana kisasi na Kiatu Kimoja, lakini hatanii.

"Sikumlaumu kwa kuwa na huruma," anasema. "Ila mtu akiingia wakati mpira unachezwa, siku moja atagongana na mchezaji anayekuja kasi, tutabeba wawili badala ya mmoja. Nikimpa kizibao, lazima nijue atakaa mpaka aitwe."

Ndiyo maana ya mazoezi haya ya leo. Kila mmoja pale kando ya mstari anajua ni nani hasa anayepimwa.

Daktari anamwita mlinzi wa geti, kijeba mmoja mcheshi, na kumwomba aingie uwanjani hatua chache na kuanguka. Yeye mwenyewe atakuwa refa. "Nitawapa mgongo," anawaambia wanne wale. "Nisipoinua mkono, asitoke mtu."

Mlinzi anaanguka kwa bidii zote. Anagaagaa, analia "mama nakufa" kwa sauti inayorudi kutoka kwenye viti vitupu, mpaka Twiga anaziba mdomo kwa kiganja. Daktari amegeuka, mikono mfukoni, anatazama lango la pili.

Kisha mlinzi ananyamaza. Polepole ananyoosha mikono yote miwili mbele, anaikakamaza, na kutulia hivyo. Hakuna aliyemtuma. Ni kwamba pale uwanjani hadithi ile kila mtu anaijua, hata wa getini.

Twiga anaacha kucheka. Goti la Kiatu Kimoja linabanduka kwenye nyasi. Kisigino kimeinuka, mkono umeshashika mpini wa machela, na mshipa wa shingo umemtoka. Hata yule wa kwenye spika amenyamaza, au labda amekwenda kunywa maji.

Daktari hageuki.

Goti linabaki hewani. Halafu linashuka taratibu, linagusa nyasi, linatulia.

Muda unapita, mrefu kuliko inavyopendeza. Hatimaye mkono wa daktari unapanda, na wanne wanachomoka kwa pamoja, wanamfikia mlinzi, wanambeba, wanatoka naye nje ya mstari akiwa anawapungia viti vitupu kama mfalme.

Daktari anakichukua kizibao cha rangi ya chungwa na kumsogelea Kiatu Kimoja. "Naweza kukuamini?"

"Umeona mwenyewe, daktari," anajibu, akitazama chini.

Anapewa.

Njiani kuelekea geti la nyuma anasimama mbele ya njia ya kuingilia wachezaji. Hapa ndipo jana alipokutana na winga, timu ya wageni ilipokuja kuuzoea uwanja. Siku hizi kijana yule ndiye mfungaji wao tegemeo, na mabeki wa wenyeji wanamtaja kwa sauti ya chini. Mtaani wana msemo wao juu ya jambo hilo, nao wanauelekeza kwa mtu mmoja: ulimfufua aje atufunge.

Winga alipita akiwa na vidude vya muziki masikioni. Alimwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimu mfanyakazi yeyote, akaendelea zake.

"Hanijui. Angenijuaje? Siku ile alikuwa amelala," anasema. "Nilimwangalia kifua tu. Kinapanda, kinashuka. Nikaridhika, nikaenda zangu."

Nyumbani ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkewe ni fundi cherehani, na wiki hii kazi imemfika shingoni: kila mtu anataka skafu au bendera ya timu ya taifa. Vipande vya kitambaa vimetapakaa mpaka chini ya kitanda. Wateja wengi hawajui kwamba anayewashonea ni mke wa nani, naye hana haraka ya kuwaambia.

Jioni hii yupo pia mdogo wake wa kiume, aliyeleta jezi ipunguzwe kiuno. Shemeji huyu hajasema na Kiatu Kimoja tangu siku ya lile goli. Huja, hukaa, na akiwa na la kusema humpitishia dada yake.

"Dada, mwambie mumeo kesho nitakuwa jukwaa la upande wake," anasema, macho kwenye jezi. "Mwambie akiinuka kabla ya filimbi, nitakuwa wa kwanza kumzomea."

"Mwambie nimesikia," anajibu Kiatu Kimoja kutoka kwenye kigoda, umbali wa hatua mbili.

"Mimi si simu," anasema mama wa nyumba, akikata uzi kwa meno. "Jezi yako hii hapa. Nenda kalale, kesho utahitaji koo."

Shemeji akishaondoka, cherehani inaendelea kwa kitambo. Wiki nzima mke huyu amekuwa akimsihi mumewe akatae kazi ya kesho. Ana sababu zake. Yeye ndiye aliyefuta tope ukutani lililorushwa na watu wasiojulikana, na ndiye aliyekuwa akimwamsha usiku alipokuwa anapiga mateke shuka.

"Umepewa?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Nimepewa."

"Kwa hiyo ulikaa mpaka ukaitwa."

"Nilikaa."

"Uliwezaje?"

Kiatu Kimoja anajipangusa uso kwa kiganja. "Yule mlinzi aliyejiangusha alikuwa anachungulia, mama watoto. Jicho moja kalifumba, jingine linatuangalia kama tunakuja. Mtu aliyezimia hachungulii. Nilikaa kwa sababu nilijua anaigiza."

Cherehani inasimama.

"Daktari ulimwambia hivyo?"

"Hakuniuliza hivyo."

Nje mtu anapuliza tarumbeta la plastiki, wa kwanza kati ya wengi watakaopuliza mpaka kesho.

"Naomba Mungu asianguke mtu," anasema mwanamume. "Ndilo ombi langu, sina jingine. Vijana wafunge mapema, wafunge mawili, kila mtu atoke kwa miguu yake, na mimi nirudi hapa machela haijanyanyuliwa. Nitashangilia na nyinyi. Sijashangilia muda mrefu."

"Na akianguka? Akawa yule yule, na mpira uko mbele, na refa kageuka?"

Anaonekana kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake akaisahau.

"Refa kazi yake kuangalia mpira," anasema. "Mimi ya kwangu ni kuangalia watu. Nitajizuia. Nitajizuia sana, nimemwahidi daktari kwa macho. Lakini nikikiona kifua kimesimama, mke wangu, sijui. Kweli sijui."

Mke anainama, anaingiza mkono chini ya meza ya cherehani, na kutoa viatu vyeusi vya kazini, vile vile vya kwenye picha, vya kuchomeka mguu, kwa sababu miguu ya mumewe ni mipana na viatu vya kamba humbana. Kila kimoja kimeshonewa lastiki pana ya rangi za timu ya taifa, ya kukatiza juu ya mguu. Uzi umepitishwa mara mbili mbili. Si kazi ya jioni ya leo; ameishona siku zile zile alizokuwa akimsihi asiende.

Anaviweka miguuni pake.

"Jaribu," anasema. "Kama ni kutukanwa tutukanwe tena, tumeshazoea. Ila safari hii, baba watoto, ukimbie na vyote viwili."