Mkaratusi Uliopimwa kwa Futi

Mimi nilisema tangu siku ya kwanza. Nilisema asubuhi, nikasema mchana, nikasema wakati nampakulia chakula, mpaka ulimi ukachoka. Hicho kishoka ni cha kupasulia vijiti vya kuwashia moto, si cha kuangushia mkaratusi ambao watu wawili wakiukumbatia vidole vyao havikutani. Mume wangu akaniitikia, "Sawa, mke wangu, nimekusikia," kisha akatoka nacho nyuma ya nyumba. Ndiyo tabia yake. Ukimgombeza hagombani, na hilo ndilo linalonipasua roho.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi mkewe namwita hivyo hivyo. Huu mwaka wa kumi na tisa anashona kwenye chumba chetu cha mbele: sare za shule, magauni ya harusi, suruali za watu walionenepa na hawataki kukubali. Ni mwembamba, sauti yake ya chini, na vidole vyake ni vya kushika sindano. Ukimtoa mama yake, kitu kizito alichowahi kuinua ni cherehani yenyewe, na siku aliyoihamishia dirishani alilala na chupa ya maji ya moto mgongoni.

Tunaishi na mama yake. Magoti yake yamekataa kazi, basi anashinda barazani kwenye kiti chake na redio yake. Macho mazima, masikio mazima, na mdomo ndiyo usiseme. Mama mkwe wangu amezaa wanaume wawili, lakini ukimsikiliza utadhani anaye mmoja tu. Mkubwa ni dereva wa lori. Bati likivuja, "Kaka yako angekuwepo!" Kitasa kikikwama, "Kaka yako angekuwepo!" Na huyo kaka hayupo, jamani, yuko barabarani mwaka mzima. Anayemtoa mama kitandani asubuhi, akamkalisha barazani, akamrudisha jioni, ni Fundi. Hilo halisemwi.

Mkaratusi wenyewe ulisimama hatua tatu kutoka dirisha la chumba cha mama, na uliinamia upande wetu. Majani yake yalinukia dawa ya mafua mpaka kwenye mashuka. Tuliuzoea. Kisha mwezi ule, mvua zikiwa zinakaribia, upepo ulivunja tawi moja, tawi likatoboa bati na kutua kitandani kwa mama, pale anapolaza miguu. Bahati nzuri alikuwa barazani. Tukamwita mtu mwenye msumeno wa mashine. Akaja, akautazama mti juu mpaka chini, akakuna kichwa, akasema kazi zimemsonga, labda baada ya mvua. Baada ya mvua! Mti unatuinamia, yeye anatupa kalenda.

Tukamwomba mama ahamie sebuleni. Akakataa kata kata.

"Nihamie sebuleni kwani mimi mgeni? Mpigieni mwanangu aje aukate."

Tukampigia shemeji. Alikuwa safarini, akasema itachukua wiki mbili. Mama akashusha pumzi, akasema, tena bila hata kupunguza sauti, "Mtoto wa kiume wa kuangusha mti ninaye. Basi tu, yuko mbali."

Fundi alikuwa ameketi mlangoni, sindano mdomoni, anachomeka pindo. Nilimwona. Aliitoa sindano, akaichomeka kwenye kitambaa taratibu, akakunja kazi ya watu, akaja jikoni kutafuta kishoka. Nikajua hapo hapo anakwenda kutafuta nini. Alitaka mama yake, siku moja tu kabla hajaondoka duniani, aseme kwa mdomo wake kwamba huyu naye ni mwanaume. Ana miaka arobaini na sita, bado analisubiri neno hilo. Mimi namwonea huruma na wakati huo huo natamani kumtikisa.

Sasa ngoja nikwambie alivyoanza. Mtu mwingine angetema mate viganjani akapiga. Fundi aliupima. Haki ya Mungu tena, alitoa futi yake ya kushonea shingoni akauzungushia mti kiunoni. Futi ikaisha, akaweka alama kwa kidole, akaanza upya. Kisha akatoa chaki yake, akachora mstari kuuzunguka mti wote, umenyooka kama pindo la sketi, akachora na mwingine juu yake kiganja kimoja. Niko dirishani na mwiko mkononi, natazama.

"Fundi, hiyo si sketi!"

"Kila kinachokatwa hupimwa kwanza," akajibu kwa upole.

Nikarudi kwenye sufuria yangu. Na mimi nina lawama hapo, kwa sababu niliona ile mistari nikacheka tu, sikufikiri.

Akaanza kupiga. Ko, ko, ko. Vilitoka vibanzi vyembamba vya kuchokonolea meno. Akipiga mara ishirini anasogea kidogo kulia, anapiga ishirini nyingine, anasogea, ili kusiwe na upande uliozidi mwenzake. Siku nzima aliuzunguka mti, jioni alikuwa amemaliza gome. Gome tu! Siku ya pili kichwa cha kishoka kilichomoka kwenye mpini, kikapita juu ya kamba ya nguo, kikatua puu kwenye beseni la vyombo, na mimi nimeinama pale pale.

"Unataka kuniua?"

"Pole, mke wangu. Mpini umekauka."

Akauloweka mpini kwenye ndoo ili uvimbe ushike. Ndoo yangu ya maji ya kunywa, si nyingine. Kila alasiri kikichomoka anakiloweka, anasubiri, anarudi. Katikati anakinoa kwa jiwe, srii, srii, mpaka meno yananiuma. Na huku mbele wateja wanagonga. Mama wa bibi harusi amekuja mara tatu. "Fundi yuko wapi?" Nifanyeje, nimwambie yuko nyuma anapigana na mti? Nilisema ana homa, na wakati ule ule ko, ko, ko inasikika. Yule mama akanitazama tu. Mimi pindo naweza, vifungo naweza, lakini kola na mikono vinanishinda, basi sare za watoto zimening'inia ukutani nusu nusu, nyingine haina mkono mmoja.

Mama mkwe naye akawa anapandisha sauti ya redio. "Huyu atakufa na hicho kishoka," ananiambia. "Mkubwa wake angepiga mara tatu." Mara tatu, mama? Nilimeza maneno, yakanikaa kooni siku nzima. Siku ya nne viganja vya Fundi vilitumbuka malengelenge. Siku ya sita hakuweza kufunga kitufe cha shati lake mwenyewe. Nilimfungia huku namsema.

"Acha! Shemeji anakuja."

"Ndiyo maana nataka niumalize," akasema.

Siku ya nane akaingia jirani yetu, fundi mwashi, alikuja kuazima ngazi. Akapita nyuma. Nikamsikia anaguta "Lo!", nikatoka. Alikuwa anarudi kinyumenyume, hatua moja moja, macho hayabanduki kwenye shina.

"Shemeji," akaniuliza mimi, "nani ameukata hivi?"

Mkaratusi ulikuwa umekatwa kuuzunguka wote, sawa sawa, safi, hadi ndani. Juu mti mzima, chini gogo nene, na katikati umebaki moyo usiozidi unene wa paja. Kwa kazi ya mkono ilikuwa nzuri, usingeona mahali palipozidi.

"Fundi," mwashi akauliza, "utaangukia upande gani?"

Fundi akautazama mti, akatazama nyumba.

"Unakata pengo upande unaotaka uangukie, halafu unaumalizia kwa nyuma! Wewe umeuvalisha mkanda!"

"Nimekata sawa pande zote," Fundi akasema. Na alijivunia, maskini. "Kitu kisipokatwa sawa kinashuka upande mmoja."

"Sasa si ndicho tunachotaka? Ushuke upande mmoja!"

Ala! Nilitaka kucheka, nikajikuta napiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku nane! Siku nane za ndoo yangu na wateja wangu na viganja vyake, na sasa mti uko tayari kuanguka popote unapojisikia, na umeinamia kwa mama. Fundi alisimama kishoka kinaning'inia, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaenda barazani, akamwambia mama kwamba leo hakuna mjadala, chumbani harudi. Akambeba mpaka sebuleni.

"Kwa hiyo umenihamisha chumbani kwangu," mama akasema, "na mti bado umesimama."

Siku tatu hizo sizitaki tena. Tulipika mbele, tukaogea kwa jirani, upepo ukivuma kidogo nakaa roho mkononi. Mwashi akamkanya Fundi asiuguse mti mpaka ipatikane kamba nene na kitu cha kuivuta. Nadhani unajua kama alisikia. Alipanda ngazi mwenyewe akafunga kamba nyembamba aliyoazima kwa mwashi juu, akaikaza kwenye nguzo upande wa kiwanja kitupu, kisha siku ya tisa na ya kumi akaingia chini ya ule mti akakata pengo upande wa kiwanja, kipande kwa kipande, kama anayefumua mshono. Mimi sikuweza kutazama. Nilikaa sebuleni na mama, tukasikiliza redio, na kila kishoka kiliponyamaza nilishika kiti.

Siku ya kumi na moja shemeji akafika na lori. Mtaa ukajaa. Shemeji ni mtu mkubwa, sauti kubwa, na siwezi kumsema vibaya, si mtu mbaya. Mama akaomba asogezwe dirishani aone. Shemeji akafunga kamba nene ya mizigo kwenye mti, akaifunga kwenye lori, akapanda, akatia gia. Mti ukalia mara moja, ukaenda wote kiwanjani, puuu! vumbi likapanda mpaka juu ya bati. Halikuvunjika hata dirisha moja. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Lori halikunguruma hata dakika mbili.

Shemeji alishuka akaenda kwenye kisiki. Akakaa pale kidogo, akapitisha kidole kwenye mikato. Akaokota kishoka, akakipima mkononi, akamtazama mdogo wake. Kisha akamshika mikono, ilikuwa imefungwa vitambaa vya bitana, vimeganda damu.

"Haya yote kwa hiki?" akauliza.

"Kilikuwa kinachomoka," Fundi akasema.

Shemeji akatangulia ndani, sisi nyuma yake. Mama alikuwa anapangusa machozi ya furaha.

"Nilisema! Nilisema mwanangu akija utaanguka siku hiyo hiyo!"

"Mama," shemeji akasema, tena kwa heshima na kwa sauti ya kila mtu kusikia, "aliyeukata ni huyu. Siku kumi. Mimi nimevuta kamba tu, hata wewe ungevuta."

Moyo wangu ukaruka. Nikamtazama Fundi, naye alikuwa ameinua uso, anamtazama mama yake. Sijawahi kumwona hivyo, alionekana mtoto.

Mama akatikisa kichwa, akatabasamu, akamshika shemeji mkono, akatugeukia sisi wote.

"Mnamwona alivyo? Tangu mdogo, hajui kujisifu."

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nikauacha wangu wazi, maneno ya siku zote yakaja kwa pamoja, nikasema, "Mama—" na Fundi akanigusa bega. Akaniangalia tu. Nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza.

"Haya, nirudishe chumbani kwangu," mama akamwambia Fundi. "Mgongo umenifia kwa hili godoro lenu."

Fundi akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, kama kila siku. Mama akakunja uso.

"Hivyo vitambaa vyako vinanikwaruza. Vitoe."

Akamwachia. Akasimama katikati ya sebule, mbele ya kaka yake na mbele yangu, akavifungua kimoja kimoja, vingine vikitoka na ngozi, akavitia mfukoni. Kisha akainama tena kwa viganja vitupu, akamwinua mama yake, akampeleka chumbani.